Mama Gonga Aliyesikiliza Kuni

“Hizo hazipiti mlango huu, labda toroli lako linipitie mimi kwanza!”

“Mama, toka kizingitini. Nimekuomba kwa heshima mara tatu.”

“Heshima iweke mfukoni, fundi. Mimi sitoki.”

“Nyumba ni yangu! Jiko ni langu! Mtoto ni wangu!”

“Na mapafu ni ya nani? Ya kwako hayo? Si ya mtoto?”

Wasikilizaji wapendwa, ugomvi huo niliusikia kwa masikio yangu haya mawili, miaka tisa iliyopita. Nilikuwa nimesimama na kikapu mkononi, pamoja na watu kama kumi na tano hivi, wote tukijifanya tunapita tu. Hakuna aliyekuwa anapita. Tulisimama pale mpaka vidole vya miguu vikafa ganzi kwa baridi.

Mwanamke aliyeziba mlango, mikono kiunoni, kitambaa cha kichwa kimeenda upande, ndiye tunayemkumbuka leo. Mtaa mzima tulimwita Mama Gonga. Alikuwa muuza kuni. Alitutoka Jumanne ya wiki iliyopita, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sabini na minne.

Kwa wewe unayefungua redio sasa hivi, narudia. Tunamkumbuka Mama Gonga, muuza kuni, aliyefariki Jumanne iliyopita. Sogeza kiti. Kama una jiko, ongeza kipande kimoja, maana hadithi yenyewe ni ya moto.

Jina la Mama Gonga alipewa na wateja. Ukienda kwake kununua kuni, hakukuchotea tu rundo akakutupia. Alichukua vipande viwili, kimoja mkono huu, kingine mkono huu, akavigonganisha karibu na sikio. Kuni kavu hutoa mlio mkali, ka! kama kijiko juu ya sahani. Kuni mbichi hutoa mlio wa kizembe, bwu! kama mtu amepiga mto wa kulalia. Akisikia ka, kipande kinaingia kwenye mzigo wako. Akisikia bwu, kinarudi ghalani kingoje mwaka mwingine.

Alijifunza kwa aibu. Haya kayasema mwenyewe mara nyingi, tena kwa kucheka. Alipoolewa akaletwa huku kwetu kwenye baridi, mama mkwe alimtuma akanunue kuni za kupasha nyumba joto. Bibi harusi akachagua vipande vizuri, vimenyooka, laini, vyeupe pe, utadhani vya kuchongea kitanda. Siku nne familia nzima ilikaa sebuleni inatoa machozi. Jiko linafoka, moto hauwaki, moshi umejaa hadi darini. Siku ya tano mama mkwe akamwita pembeni.

“Mwanangu,” akamwambia, “kuni hukununua. Umenunua maji.”

Hakumgombeza, hakuongeza neno. Lakini bibi harusi hakulala. Kesho yake akaenda penye malori ya magogo, akakaa na wapasuaji wiki nzima, anauliza na kuuliza mpaka wakamchoka. Mmoja wao hakumchoka. Huyo ni mume wake huyo huyo, aliyekuwa anapasua kuni hapo, na mpaka siku hiyo hakuwahi kuulizwa na mkewe swali hata moja kuhusu kazi yake! Wakaanza biashara yao. Mume anapasua, mke anachagua. Mume alipofariki, Mama Gonga akaajiri wapasuaji, yeye akaendelea kuchagua.

Na alikuwa na midomo, Mungu amrehemu. Ukija na mwanao wa kiume kununua kuni, anamtazama kijana anavyochagua, halafu anakuambia wewe mzazi, mbele yake: “Huyu usimwozeshe mwaka huu. Hajui kikavu na kibichi.” Wasichana nao walikuwa wanampeleka mchumba pale kwa siri, kisingizio kuni, kumbe wanataka mtihani. Mimi nazijua ndoa mbili zilizofungwa kwa ruhusa ya Mama Gonga, na uchumba mmoja uliovunjika ghalani pale pale. Sitaji. Wanasikiliza.

Sasa tuurudie ugomvi wetu wa mlangoni.

Jirani yake wa ukuta kwa ukuta alikuwa fundi cherehani, mtu mpole, mwenye futi ya kupimia shingoni siku zote kama tai. Mke wake alikuwa amejifungua mtoto wa kike miezi miwili kabla ya wakati. Mtoto alipotoka hospitali alikuwa na kilo moja na gramu mia tisa. Nadhani wapo kuku wanaomzidi. Muuguzi wa zahanati yetu aliwapa sharti moja, na sharti hilo ndilo roho ya hadithi hii, kwa hiyo nalisema polepole. Chumba cha mtoto kiwe na joto, mchana na usiku, mpaka afikishe kilo mbili na nusu. Joto lisikatike. Mtoto wa kilo moja na gramu mia tisa hana mafuta mwilini, hawezi kujipasha mwenyewe. Akipoa, ananyamaza, anaacha kunyonya. Na akiacha kunyonya, basi.

Fundi akahangaika kama baba yeyote. Akapita mtu na toroli la vipande vyeusi, vizito, vikavu kabisa. Akanunua. Akafika mlangoni akiwa na furaha, ndipo akamkuta Mama Gonga amesimama kizingitini. Mama Gonga alikuwa amenusa toroli tangu kona.

“Hizi ni nguzo za umeme za zamani, fundi,” alimwambia. “Zimelowekwa dawa ili mchwa asizile. Zinawaka, sikatai. Zinawaka kama taa. Lakini moshi wake ni ile ile dawa ya mchwa. Unataka mwanao avute hiyo?”

“Unasema hivyo kwa sababu sikununua kwako!”

Wasikilizaji, tuliokuwa “tunapita” tukasema “Yaa!” kwa pamoja, kama kwaya. Hilo lilikuwa neno zito. Mama Gonga alishusha mikono kutoka kiunoni. Jambo hilo sikuwahi kuliona kwake.

“Sawa,” akasema. “Basi usinunue. Kuni za mtoto huyu nazitoa mimi, bure, mpaka afikishe kilo mbili na nusu. Wote hawa wambea wamesikia.”

Alitutazama. Tulikuwa tumesikia.

Na kutoka ndani, nyuma ya pazia, ikaja sauti ya mke wa fundi, dhaifu lakini imenyooka: “Baba, chukua za mama. Namwamini.”

Toroli likageuzwa.

Jioni ile ile Mama Gonga aliingia ghalani kwake kumchagulia mtoto kuni. Mawingu yalikuwa yametanda, wateja wameshaondoka, wapasuaji wamekwenda zao. Aliingia peke yake. Narudia neno hilo, wasikilizaji: peke yake. Akagonga, akachagua, akajaza vikapu vinne, akavipeleka kwa fundi. Vikapu vyote vinne vilikuwa kuni mbichi.

Ndiyo, Mama Gonga mwenyewe. Na mimi nilipoambiwa mara ya kwanza, nilibisha kama unavyobisha wewe.

Binti yake, ambaye wengi mnamfahamu kwa saluni yake pale njia panda, amenieleza wiki hii. “Mama alikuwa na redio yake ghalani,” amesema. “Alikuwa anaifungulia sauti mpaka jirani wa nne anajua taarifa ya habari. Tulidhani anapenda redio. Nikimsemesha kwa nyuma, haitikii. Nikadhani ananinunia. Mama alikuwa ananuna sana, kwa hiyo hilo halikunishtua.”

Na mimi hapa studioni nilikuwa natamba kwamba nina msikilizaji sugu!

Kumbe masikio yalikuwa yameanza kumwacha. Kidogo kidogo, mwaka wa kwanza, mwaka wa pili. Na hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Mwanamke anayeitwa Mama Gonga asimame aseme hasikii akigonga? Badala yake alibuni ujanja, na huo ujanja nausifu mpaka leo ingawa uliponza watu. Alikuwa anagonga vipande mbele ya mteja, halafu anautazama uso wa mteja. Mlio ukiwa ka, mteja anaitikia kwa kichwa bila kujua, macho yanachangamka. Mlio ukiwa bwu, mdomo wa mteja unaenda chini. Mama Gonga anasema, “Hii kavu.” Au anasema, “Hii bado.” Na anapatia! Miaka miwili sisi ndio tuliokuwa tunasikia, yeye anatusoma.

Lakini jioni ile ghalani hakukuwa na mteja wala uso wa kusoma.

Utaniuliza, si angetazama kwa macho? Angeweza. Lakini mzigo ule ulikuwa wa hila. Yalikuwa magogo ya mkaratusi yaliyolala chini mwaka mzima bila kupasuliwa. Gogo likilala zima hivyo, ncha zake zinapasuka nyufa kama magaga ya kisigino, unaona limezeeka, kumbe ndani limebana maji yake yote. Yalikuwa yamepasuliwa juzi yake tu. Mkono ungeweza kumwambia kwa uzito, ila mkaratusi hata mkavu ni mzito. Kilichobaki ni sikio. Na sikio lake, kwa kiburi, aliendelea kulitegemea.

Siku mbili walichoma salio la kuni zao wenyewe, za mama wakazianza usiku wa pili. Siku ya tatu ilikuwa Jumamosi. Asubuhi fundi aliamka akakuta jiko linafoka. Povu linatoka kwenye ncha za kuni, sss, sss, kama birika. Chumba kimejaa moshi na ubaridi kwa pamoja. Mkewe alikuwa amemlaza mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, amejifunika mablanketi matatu. Akamgusa miguu. Baridi. Akampa ziwa. Mtoto hakufungua mdomo.

Walikimbia zahanati bila viatu vya maana. Mama Gonga aliwaona kupitia uzio, akachukua shali akawafuata. Alipofika, muuguzi alikuwa ameshampokea mtoto, amemweka penye joto. Muuguzi akatoka na kauli yake.

“Mtoto hana ugonjwa. Ana baridi. Nimemrudishia joto, lakini hapa nina kitanda kimoja chenye joto, na kuna mzazi anakingoja. Saa kumi jioni nakuja nyumbani kwenu na kipimajoto. Nikikuta chumba kina joto na kuni za kutosha wiki nzima, mtoto anakaa kwenu. Nikikuta kama asubuhi, nawaandikia barua ya hospitali kuu.”

Hospitali kuu ilikuwa safari ya saa sita kwa gari lisilo na joto. Kwa mtoto wa kilo moja na gramu mia tisa. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa.

Mke wa fundi akamwona Mama Gonga mlangoni na shali lake. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

“Mama,” alisema, “nilikuamini. Naomba usikanyage kwangu tena.”

Mama Gonga hakuhitaji masikio. Ule uso ulisomeka.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Tushike saa hizo mbili, wasikilizaji: ni saa nne asubuhi, na muuguzi anakuja saa kumi jioni.

Fundi akarudi mbio nyumbani. Majirani tukajaa uani, kila mtu na ushauri wake. Tukakusanya kuni kavu mtaa mzima. Sisi pale tulikuwa tunanunua za siku tu, maana ghala liko jirani, nani ahangaike kuweka akiba? Nyumba hii vipande viwili, ile kimoja. Tukapata kumi na vinne. Moto wa nusu siku, ukibana sana, na muuguzi anataka wa wiki nzima. Fundi akatoa simu mfukoni.

“Nampigia yule wa nguzo,” akasema. “Sina jinsi.”

Ndipo Mama Gonga akaingia uani. Tulimpisha, na hatukumpisha kwa upendo. Wapo waliotema mate pembeni. Alikwenda mpaka mbele ya fundi, akasimama.

“Fundi,” akasema, “mimi sisikii.”

“Husikii nini?”

“Sisikii. Masikio. Ni mwaka wa pili. Nikigonga kuni siisikii inasema nini. Nilikuwa natazama nyuso zenu. Kuni za mtoto nilichagua peke yangu, nikajidanganya.”

Alisema kwa sauti kubwa, kama wanavyosema wasiosikia, kwa hiyo alisikika mpaka barabarani. Wateja wake wote tulikuwa pale. Biashara ya miaka thelathini na mitano aliimwaga uani mbele yetu, mwenyewe, kwa mdomo wake.

“Ghalani kwangu kavu zipo,” akaendelea. “Nyingi. Zimechanganyika na mbichi, na mimi siwezi kuzitenga. Wewe una masikio. Njoo unisikilizie. Nitakuonyesha cha kufanya.”

Fundi alimtazama. Mkono wenye simu ulikuwa bado hewani.

“Mama,” akasema mwishowe, na hili amenithibitishia kwamba ndivyo alivyosema, “ungeniambia juzi, ningekuja juzi.”

Akarudisha simu mfukoni. Wakaenda.

Natamani ungewaona. Mama Gonga anashika kipande kwanza, anakagua magaga ya ncha, anabandua gome kwa kucha. Gome likiachia, dalili nzuri. Likigoma, anakitupa. Kikipita mikono yake, anampa fundi. Fundi anakigonga na kipande kikavu kisicho na shaka, walichokitoa chini kabisa ya rundo la zamani. Anainamisha kichwa, futi inaning’inia shingoni, anasikiliza kama daktari. Kisha anamgeukia mama na kutikisa kichwa kwa ndiyo au kwa hapana.  

Mwanzoni alikuwa anakosea. Baada ya nusu saa akawa fundi wa pili. Ukimtazama unagundua kwa nini. Mtu anayeshika nguo akajua ina unyevu hata kabla ya kupiga pasi, kipande cha mti hakimtishi.

Vilivyoleta ubishi, Mama Gonga alikuwa na dawa yake ya mwisho. Anapaka sabuni ya maji kwenye ncha moja ya kipande. “Puliza ncha ya pili,” anamwambia fundi. Kuni kavu ina vijitundu ndani, pumzi inapita, povu linatoka upande wa pili. Kuni mbichi imejaa maji, haipitishi. Basi fundi wa watu anapuliza kuni, mashavu yamevimba, macho yanataka kutoka, na sisi dirishani tumejaa.

“Puliza, fundi! Zaa!”

“Mkewe alizaa kwa shida ndogo kuliko hiyo!”

“Nyamazeni,” akasema Mama Gonga, ingawa sijui alijuaje kwamba tunapiga kelele. Nadhani alisoma nyuso. “Mwenye midomo mirefu aende akafungue bomba la jiko, limejaa masizi. Kuni kavu kwenye bomba lililoziba ni kazi bure.”

Wawili wakaenda. Mimi nilikuwa mmoja wao. Lile bomba lilitoa ndoo nzima ya masizi, mabichi, yanang’aa kama lami. Nguo niliyovaa siku ile ilibaki kuwa ya kufutia sakafu.

Saa saba na nusu walikuwa na vipande mia mbili na sita. Saa nane moto ukawashwa. Misonobari myembamba kwanza, ishike haraka. Kisha mkaratusi mkavu, ukae. Mama Gonga aliagiza haya yote akiwa nje, kichwa chake kwenye dirisha. “Fungua hewa. Sasa punguza. Usiujaze, uache upumue.” Fundi akamwambia aingie ndani aone mwenyewe. Akakataa.

“Nimekatazwa,” alisema. “Na aliyenikataza ana haki yake.”

Saa kumi kasoro dakika tano muuguzi alifika, mke wa fundi nyuma yake, mtoto kifuani. Uani watu ishirini na zaidi tulikuwa tunatazama mlango uliofungwa. Muuguzi alitundika kipimajoto ukutani. Akatazama saa yake. Akahesabu kuni zilizopangwa. Akachukua kimoja kutoka katikati ya rundo, akakigonga na kingine, maana wambea tulishampasha habari.

Nyuzi ishirini na sita.

“Barua siandiki,” akasema muuguzi, akavua koti lake, maana jasho lilikuwa linamtoka.

Robo saa baadaye mtoto alifungua mdomo akaanza kutafuta ziwa. Fundi alitoka nje akasimama ukutani akifuta macho. Tukamuuliza kulikoni. Akasema ni moshi. Wasikilizaji wapendwa, moshi haukuwepo.

Mtoto alifikisha kilo mbili na nusu baada ya wiki tano. Leo yuko darasa la tatu, na mwalimu wake anaomba siku moja tu ya utulivu.

Na Mama Gonga? Tulidhani atafunga ghala. Wapo waliosema, “Muuza kuni kiziwi? Nani ataenda?” Tulikwenda. Jumatatu yake aliweka kipande kikavu kwenye kamba pale mlangoni, na kila mteja akaambiwa: “Gonga mwenyewe, sikiliza mwenyewe, mimi nitakutazamia nyufa.” Mfanyabiashara gani anamfundisha mteja wake jinsi ya kumkagua? Sasa mtaani kwetu hata watoto wa chekechea wanajua ka na bwu. Wenye malori ya magogo wanatuogopa. Wakituona tunakuja na sabuni, wanageuza gari.

Fundi alikuwa anakwenda ghalani kila Jumamosi, miaka tisa, kumsikilizia mzigo mpya. Binti alimnunulia mama kifaa cha masikio. Alikipenda. Alikuwa anakivaa kusikiliza redio na kukivua akikaripiwa. “Nikianza tu kusema habari ya dawa zake za presha,” binti anasema, “namwona anapeleka mkono sikioni.”

Aliugua wiki mbili tu. Jumamosi ya mwisho fundi alimletea vipande kitandani. Mama Gonga alishika gome, akatazama ncha, akatupa viwili sakafuni. Jumanne akapumzika.

Kwa binti yake, kwa wajukuu, kwa wapasuaji wake wanne waliobeba jeneza, na kwa fundi, ambaye amekuwa mtoto wa nyumba hiyo bila kuzaliwa humo, tunawapa pole kutoka hapa studioni. Mungu amlaze mahali pema. Ghala, familia imenituma niseme, halifungwi. Binti atachagua. Fundi atasikiliza.

Na wewe uliyekaa karibu na redio, nikuachie la kutafakari. Nyumbani kwako kuna mtu anayeitikia “ehee” bila kusikia, au anayeshika gazeti bila kuona, au anayeficha jambo kwa sababu kazi yake, jina lake, vyote vimekaa juu ya jambo hilo. Mwulize leo. Mwulize kwa upole, na usicheke kabla hajamaliza. Na kama ni wewe unayeficha, basi nenda ukaseme. Mama Gonga alisema uani, mbele ya watu wanaotema mate, na tukamwachia miaka tisa zaidi ya kutugombeza.

Nimebakiza kipande kimoja. Mke wa fundi alinipa jana nilipokuwa naaga msibani, tumesimama langoni.

“Siku ile,” aliniambia, “watu walipotawanyika, nilimlaza mtoto nikatoka nje. Nikamwona mama kupitia uzio, kwenye upande wake. Amekaa juu ya gogo la kupasulia, amenipa mgongo, vumbi la magome mpaka viwikoni. Tangu asubuhi hakuwa ametia kitu mdomoni. Nikamwita, ‘Mama!’ Hakugeuka. Nikamwita tena, kwa nguvu. Hakugeuka. Nikakasirika, nikadhani ananinunia. Halafu nikakumbuka.

“Nikazunguka uzio. Nikaenda nikasimama mbele yake kabisa, nikachuchumaa ili anione mdomo. Nikasema taratibu, neno moja moja: ‘Mama. Ndani kuna joto. Chakula kiko mezani. Njoo tule.’”